Mifuniko Iliyobaki Kambini

Arlette Masika alirudi kazini Jumatatu, homa ikiwa imemwachia ulimi mchungu na magoti mazito, akakuta sufuria zimejaa nyuma ya komisaria, kituo chao cha polisi.

Zilikuwa zimerundikwa chini ya ukingo wa paa, pale maji ya mvua yanapodondokea. Nyingi zilikuwa nyeusi kwa masizi. Nyingine zilikuwa zimebonyea ubavuni, nyingine zimepoteza mshikio mmoja. Mvua ilikuwa imezijaza nusu, na kila moja ilishika kipande chake kidogo cha mbingu. Kuku mmoja alikuwa anakunywa humo bila haraka.

"Hizi ni za nani?" Arlette aliuliza.

Roger, polisi aliyekuwa zamu getini, aliinama akajifanya anafunga kamba za buti. "Ni za ba-deplase, bale ba mu kambi, Mama Arlette. Komanda alisema tuzichukue."

"Sufuria zimefanya kosa gani?"

"Zilipiga kelele."

Hakuwa anatania. Katika mitaa ya pembeni ya Bunia, na zaidi katika kambi ya watu waliokimbia vijiji vya Djugu, sufuria ina kazi mbili. Jua likiwapo, hupika. Giza likiingia, mtu akisikia nyayo asizozijua, huchukua mwiko au jiwe na kuigonga. Jirani husikia, naye hugonga yake, na wa tatu, mpaka mahali pote panalia kama mvua ya mawe juu ya mabati. Mwizi hujua ameonekana. Wenye miguu hukimbia, na wasioweza kukimbia hubebwa. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini hata mtoto anayetambaa anaijua.

Wiki ile Arlette akiwa kitandani, doria ilikuwa imeingia kambini giza linaanza, bila taa na bila neno, ikimtafuta mtu aliyesemekana amejificha huko na pikipiki ya wizi. Wanawake waliona vivuli na buti. Wakagonga. Watu wakakimbilia bondeni. Polisi nao, wakidhani wamezingirwa, wakakimbilia upande wa pili. Roger alitumbukia katika shimo la takataka akatoka na buti moja. Mtu wa pikipiki hakupatikana, wala pikipiki. Komanda Josaphat alirudi amelowa tope hadi magotini, akasema yeye hawezi kupigiwa sufuria kama mwizi wa kuku. Asubuhi iliyofuata alituma kamioni kambini, na kamioni ikarudi na sufuria.

"Na mifuniko?" Arlette aliuliza, akiangalia rundo.

Roger alikuna kichwa. "Komanda alisema sufuria. Hakutaja mifuniko."

*

Arlette alizaliwa Butembo. Mama yake, muuza samaki wakavu, alimleta Bunia akiwa bado msichana, wakapanga nyumba upande wa Mudzipela, chumba kimoja chenye harufu ya chumvi isiyotoka hata ukipiga deki. Mama alitaka awe mshonaji. Arlette alipojiandikisha polisi, mama alinyamaza siku nyingi, akizunguka nyumbani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Kisha jioni moja, huku akipanga samaki, alisema:

"Sawa. Lakini ukifika ku mulango ya mutu, toa kwanza kofia. Kofia njo inaogopeshaka batu. Sura yako haina shida, iko ya kawaida tu."

Mama alikwisha kufa, neno likabaki. Kwa miaka yote ya kazi yake, Arlette akifika kwenye ua wa mtu huvua kofia, huibana kwapani, hubisha hodi, na husubiri. Akiambiwa ngoja, hungoja. Akipewa kiti, hukaa, maana anajua kwamba anayesimama juu ya mtu aliyeketi amekwisha kumgombeza kabla hajafungua mdomo. Wenzake walimcheka. "Mama Arlette anaombaka ruhusa hata kwa imbwa," walisema. Lakini mke aliyepigwa alimtafuta yeye, na msichana aliyekuwa na neno zito la kusema alimsubiri yeye hadi zamu yake, hata kama ni kesho.

Komanda Josaphat hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mpangilio, mwenye sauti nzito na hatua za pole, aliyependa kila kitu kiwe na mlango wake.

"Bakuye hapa," alimwambia Arlette siku hiyo. "Kila mwanamuke na karte yake ya kambi, aonyeshe sufuria yake, achukue, aende. Mulango iko wazi."

Jumatatu ikapita. Jumanne ikapita. Mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyeingia, kwa maana mtu haendi polisi kwa miguu yake mwenyewe kama anaweza kuzunguka kwa njia nyingine. Sufuria ziliendelea kuokota mvua.

*

Jumatano asubuhi Arlette alikwenda kambini peke yake.

Aliingia kwa njia ya bomba la maji, akapita kati ya mistari ya mahema ya plastiki, kofia kwapani. Aliona mifuniko kila mahali. Mmoja ulifunika ndoo. Mmoja ulikuwa mkononi mwa bibi aliyepepea moto, na juu ya moto huo palikuwa na kopo la mafuta ya msaada, ndani yake majani ya muhogo yakichemka kwa zamu, kidogo kidogo, kama dawa.

Mama Émilienne alikuwa mbele ya hema lake, amepiga goti juu ya mzigo, akikaza fundo. Alikuwa mkulima, mjane, kutoka kijiji kimoja cha Djugu, juu ya mji mdogo wa Nizi. Hakuwa na cheo chochote kambini, lakini wajane wenzake walikuwa wakimtazama yeye kabla ya kusema ndiyo au hapana. Nyuma yake, kwenye mkeka, binti yake Prudence alikuwa anamsuka jirani nywele. Prudence alikuwa amepoteza mguu wa kushoto katika kukimbia kwao, na mkongojo wake ulilala kando yake, karibu kama mtoto.

"Hodi, Mama Émilienne."

"Hodi ya nini?" Émilienne hakuinua kichwa. "Mumekuya kuchukua mifuniko?"

Wanawake wa mahema ya jirani walicheka bila kumtazama polisi. Arlette naye alitabasamu, kwa sababu ilichekesha, na kwa sababu ilimstahili.

"Nimekuya kusalimia. Nilikuwa na malaria."

"Pole. Wangu imefungwa mu muzigo, kama unautafuta. Uko chini ya jembe."

"Unaenda wapi, mama?"

"Kwetu. Kuko kamioni ya Nizi, inatoka kesho asubui. Séphora alishaenda jana, haukumuona? Hema lake lile, tupu."

Arlette aliangalia hema la Séphora. Pazia la mlango lilikuwa limefungwa kwa kamba, vizuri, kama mtu anayekusudia kurudi.

"Mama, kwenu bado kubaya. Weye mwenyewe ulinielezea."

"Najua. Lakini kule najua kila shimo." Émilienne sasa aliinua uso. "Najua nyuma ya muti gani Prudence anaweza kulala chini, hata imbwa asimuone. Hapa sina shimo. Hapa nilikuwa na sufuria."

Vidole vya Prudence vilisimama katika nywele za jirani.

"Mama Polisi," alisema kwa upole, "bengine bakisikia sufuria, beko na miguu mbili. Mimi sufuria inanipatiaka wakati. Wakati ya kushika hii bekiye yangu ya kutembelea. Wakati ya mama kuinama nipande mugongo yake. Ile wakati njo mulibeba mu kamioni."

Arlette aliketi chini kwenye vumbi, karibu na mzigo.

"Nikirudisha sufuria leo?" aliuliza.

Émilienne alirudi kwenye fundo lake. "Rudisha kwanza. Kiisha tutaona."

*

"Polisi ya Leta, ya serikali, abebe sufuria?" Komanda Josaphat alisema. "Mu barabara? Batu banaona?"

"Zilikuya hapa mu kamioni, komanda, na batu baliona."

"Kamioni haina mafuta."

"Najua. Nimeomba pusipusi kwa jirani."

Komanda alitazama dirishani kwa muda mrefu, kama mtu anayetumaini kwamba dirisha litajibu badala yake. "Fanya," alisema, "lakini mimi sijaona."

Roger alivuta pusipusi, Arlette akasukuma. Mkokoteni ule ulikuwa na gurudumu moja lililopinda, na barabara ya Bunia baada ya mvua ni mabonde na visiwa. Kila lilipopita kwenye shimo, sufuria zote zilirukaruka na kupigana. Ngwara, ngwara, ngwara. Waendesha pikipiki walipunguza mwendo kuangalia. Muuza mikate alisimama akapiga saluti kwa mkate. "Ba-polisi banaoa leo?" mtu alipaza sauti kutoka kwenye kibanda cha kuchaji simu. "Ao mumefungua restora?" Masizi yalikuwa yamepanda mpaka kwenye mikono ya shati la Arlette. Roger alivuta akiangalia chini, masikio yamewaka.

Lakini walipokaribia kambi, Arlette aliona jambo ambalo hakuwa ameliona miaka yote ya kazi yake. Watu walikuwa wamekwisha kutoka. Walisimama njiani, karibu na bomba, wakiwasubiri. Kelele za mkokoteni ziliwafikia muda mrefu kabla ya polisi wenyewe, na hakuna aliyekimbia. Hata Prudence alikuwapo, ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, mkongojo ukiwa chini.

Hakuna karte iliyoulizwa. Wanawake walizijua sufuria zao kama mtu anavyojua meno ya mtoto wake. Huyu alipitisha kidole kwenye kibonyeo na kusema, hii iliangukaga siku ya ubatizo. Yule aligeuza yake akanusa. Wawili walibishana kidogo juu ya moja, kisha wakacheka, kwa kuwa ya mmoja wao ilikuwa chini ya ile waliyoibishania. Rundo lilipungua polepole.

Émilienne alingoja hadi karibu mwisho. Alichukua sufuria ya kati, yenye mshikio uliofungwa kwa waya, akaangalia ndani yake. Kisha akamrudishia Arlette.

"Ni yangu," alisema. "Lakini siichukue."

"Juu ya nini, mama?"

"Siku mulikuya, ilikuwa ku moto. Maharagi ilikuwa karibu kuiva. Ule pale," alimwonyesha Roger kwa kidevu, "aliimwanga chini, akabeba. Batoto baliokota mu mavumbi." Sauti yake haikupanda. "Chombo ya mutu ikitoka mu nyumba yake na kitu, inarudi na kitu. Kwenu Butembo munarudishaka sahani tupu?"

Mama yake Arlette hakuwahi kurudisha sahani ya jirani tupu, hata mara moja. Hata wakati wa njaa aliweka kitu: yai, limau, kijiko cha chumvi katika kipande cha karatasi. Arlette aliyajua hayo tangu kabla hajajua kusoma. Akayasahau leo, kwa kuwa alikuja na nguo ya kazi, akidhani anarudisha mali iliyokamatwa, kumbe anarudisha chombo cha jirani.

"Hapana, mama," alisema. "Haturudishake tupu."

"Basi."

Wanawake wengine, waliokwisha kuchukua zao, walizitazama ndani kana kwamba ndiyo kwanza wanaona zilivyo tupu. Hakuna aliyeirudisha, lakini kicheko kilikuwa kimeisha.

Sufuria moja ilibaki katika mkokoteni, ndogo, safi kuliko zote. Arlette aliuliza mara mbili. Hatimaye Prudence alisema, "Iko ya Séphora."

*

Njiani wakirudi, pusipusi ilikuwa nyepesi na hakuna aliyewacheka tena.

"Nilifuata amri," Roger alisema.

"Amri ilisema umwange maharagi?"

"Ilikuwa moto, Mama Arlette. Ningeibeba namna gani?" Alivuta hatua kadhaa. "Mama yangu angejua, asingenipatia chakula mwezi muzima."

"Kesho asubui kamioni inatoka."

"Najua. Nilisikia." Roger alikwepa dimbwi. "Maharagi inakawiaka kuiva."

"Basi loweka leo, na uwashe moto mapema."

Alhamisi Arlette alipofika, moshi ulikuwa umeshapanda nyuma ya komisaria. Roger alikuwa amechutama mbele ya mawe matatu, shati lake la kazi likining'inia msumarini, akipepea makaa kwa kipande cha boksi. Sufuria ya waya ilikuwa juu ya moto. Alikuwa ametia vitunguu, mafuta ya mawese, na mawazo mengi. Macho yake yalikuwa mekundu.

Komanda Josaphat alifuata harufu hadi nyuma ya nyumba. Aliangalia sufuria, akamwangalia Roger, akachukua kijiko bila kuomba.

"Nani alikufundisha kupika?" alisema akitafuna. "Chumvi iko wapi?"

"Imeisha, komanda."

Komanda aliingia ofisini, akarudi na chumvi iliyofungwa katika karatasi, ile anayoiweka mezani kwa ajili ya mayai yake ya saa nne. Akaitia yote. Akakoroga. Akaonja tena, na akakubali kwa kichwa.

"Komanda," Arlette alisema, "twende wote."

"Maharagi inahitaji eskorte ya kuichunga njiani?"

"Roger alimwanga. Lakini amri haikutoka kwa Roger."

Komanda alishika kijiko hewani. "Nikiomba musamaha mbele ya kambi muzima, kesho banatupigia tena."

"Bakipiga, komanda, banatuita. Mbona hatuoni ile? Mutu anaogopa, anapiga, siye tunasikia, tunaenda. Sasa hawapigi tena. Banafunga mizigo."

Makaa yalipasuka. Komanda aliweka kijiko chini, akachukua kofia yake juu ya ukuta, akaivaa sawasawa, kama anayekwenda kwenye gwaride.

*

Walikwenda kwa miguu. Roger alibeba sufuria kichwani juu ya kata ya kitambaa, na kwa kuwa haikuwa na mfuniko, Arlette aliifunika kwa jani la mgomba. Walipofika kwenye bomba, Arlette alivua kofia. Komanda alimtazama. Alitembea hatua chache, kisha naye akaivua, akaibana kwapani, bila ustadi, kama mtu anayebeba yai kwa mara ya kwanza.

Mzigo wa Émilienne ulikuwa umesimama nje ya hema. Pikipiki ya kumpeleka Prudence hadi kamioni ilikuwa inanguruma, na mwendeshaji wake alikuwa anafunga mkongojo kwa mpira nyuma ya kiti. Émilienne aliwaona wakija.

Roger alipiga goti na kuishusha sufuria mbele yake.

"Mama, ni mimi nilimwanga ile yako. Hii nimepika mimi mwenyewe." Alimeza mate. "Chumvi ni ya komanda."

Mtu alicheka nyuma ya hema. Émilienne alihamisha macho yake kwa komanda na kuyaacha hapo.

Komanda Josaphat alikohoa. "Mama," alisema, na sauti yake nzito ilikuwa imepungua. "Tulikuya mu giza, bila kusema siye ni nani. Mulikuwa na haki ya kupiga. Kuchukua sufuria ilikuwa mubaya, na aliyesema bachukue ni mimi. Mutusamehe."

Mwendeshaji alizima pikipiki ili asikie vizuri.

"Vaa kofia," Émilienne alisema. "Jua iko kali, na hauna nywele."

Sasa walicheka wengi, na komanda akajipapasa kipara, lakini kofia aliiacha kwapani.

"Mukikuya tena giza ikiisha kuingia," Émilienne aliendelea, "mutakuya namna gani?"

Komanda alifungua mdomo kuanza kueleza taratibu za doria. Arlette alimgusa kiwiko. "Tuulize wao," alinong'ona, kisha akageuka, akachutama mbele ya Prudence aliyekuwa ameketi juu ya ukingo wa mzigo. "Prudence, weye ungependa tukuye namna gani?"

Prudence hakuwa amezoea kuulizwa. Alitazama mikono yake kwanza.

"Jana mulikuya na pusipusi," alisema. "Tulibasikia tangu kule mbali. Sikushika hata bekiye." Akafikiri. "Musimame kwanza ku robine ya maji. Mutaje majina yenu. Na tochi, musitumulike mu macho. Mujimulike sura yenu benyewe, tuone ni nani. Kiisha mungoje mupaka mutu anajibu."

"Na mwizi akikimbia," komanda aliuliza, "wakati tuko tunataja majina?"

"Akikimbia," Émilienne alisema, "siye tutapiga sufuria."

Komanda alicheka kabla hajapanga kucheka. Kilikuwa kicheko kikubwa kilichomshtua Roger, na kilipoisha, alisema tu, "Sawa. Itakuwa vile."

Mwendeshaji wa pikipiki alishika usukani. "Mama, tunaenda ao hatuendi? Kamioni haitatungoja."

Émilienne alikuwa anaangalia sufuria yake. Jani la mgomba lilikuwa limenyauka kwa mvuke na kuteleza upande mmoja, na nzi wa kwanza alikuwa ameshafika. Alimfukuza kwa mkono. Nzi akarudi na mwenzake.

"Maharagi inapoa," alisema, si kwa mtu yeyote.

Aliketi kando ya mzigo na kuanza kufungua fundo. Alikuwa amelikaza kwa nguvu za mtu asiyetaka kubadili nia, na vidole havikutosha, akalitia meno. Prudence alimtazama, mkono mdomoni. Fundo lilikubali. Likatoka blanketi, zikatoka nguo, likatoka jembe, na chini ya jembe mfuniko. Émilienne aliupangusa kwa kitenge chake, mbele na nyuma, akaondoa jani, akaifunika sufuria. Ulilia kidogo, ukakaa.

"Fungua bekiye ya mutoto wangu," alimwambia mwendeshaji. "Na weye pia shuka, ukule."

*

Ijumaa giza likianza kuingia, Arlette na Roger walisimama kwenye bomba. Arlette aliwasha tochi akaielekeza usoni mwake. "Ni Arlette," alisema kwa sauti ya kawaida. Roger naye alijimulika, tochi ikiwa chini ya kidevu, akaonekana kama mzuka wa kwenye sinema, na watoto wakapiga kelele kwa furaha. "Ni Roger."

Mbele ya hema lake, mkono wa Prudence ulikuwa umeshafika kwenye mkongojo. Ulibaki juu yake kidogo. Kisha ukarudi kwenye nywele alizokuwa anasuka.

"Bakaribie," Émilienne alijibu kutoka gizani. "Lakini chakula imeisha."

Si kwamba yote yalinyooka siku hiyo. Juma lililofuata, doria ya komisaria nyingine ilipita bila kutaja jina lolote, sufuria zikalia kambi nzima, na Komanda Josaphat aliamshwa kwenda kuwaeleza wenzake, kwa sauti nzito, kwamba kosa ni lao. Yule wa pikipiki ya wizi hajapatikana hadi leo.

Na sufuria ya Séphora bado anayo Arlette. Aliipeleka nyumbani ili isikae mvuani, akaisugua kwa majivu mpaka akaona uso wake ndani. Kila kamioni ikifika kutoka Nizi, akiwa na nafasi, hupita kwenye kituo, huvua kofia, na kumuuliza dereva kama amemwona mama mmoja, mwembamba, anaitwa Séphora, aliyeondoka Jumanne. Mmoja alisema labda. Mwingine alisema watu wengi walishukia njiani.

Ameiweka juu ya kabati, mbali na moto. Mdogo wake, anayeishi naye, alipotaka kuipikia siku moja wageni walipozidi, aliishusha akakuta imejaa maharage makavu, yamechaguliwa vizuri, na juu yake chumvi katika kipande cha karatasi.

"Iache," Arlette alisema. "Hiyo iko na mwenyewe."